Aliyetoa Mawe

Nakumbuka asubuhi moja Mzee Odeny alipokuja kwangu kuazima sururu. Umeniuliza hati ya shamba mara tatu mwezi huu, mwanangu, na kila mara nimekwambia ngoja. Basi leo kaa hapo, zima hiyo simu, nikueleze kwa nini nimekuwa nikikuzungusha.

Odeny hakuwa wa ukoo wetu. Sisi Wajaluo mtu kama yeye tunamwita jadak, mgeni aliyekaribishwa ajenge na alime kwenye ardhi ya wengine. Babu yangu ndiye aliyemkaribisha, akampa ule upande wa kuteremkia Karungu ambao hakuna aliyeutaka, kwa sababu ulikuwa mawe matupu. Odeny na mkewe, Mama Atieno, waliyang'oa mawe yale kwa mikono, moja moja, wakayarundika pembeni. Rundo lile unalijua. Mlikuwa mkilipanda mkiwa wadogo, nami nikiwafokea mshuke, mkadhani naogopa nyoka.

Mimi nilikuwa kijana niliyesoma kidogo, na hicho kidogo kilinivimbisha kichwa. Baba alipofariki, wapimaji wakaja, nikawazungusha shamba lote, na la Odeny likiwemo. Hati ikatoka kwa jina langu peke yangu. Niliitembeza hadi sokoni Sori, nikawaonyesha hata watu ambao hawakuniuliza. Lo, ujana!

Haikupita muda Mama Atieno akafariki. Ndipo Odeny akaja, macho mekundu, kofia mkononi.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "naomba sururu. Jembe haliwezi pale."

"Pale wapi?"

"Nyumbani. Kushoto kwa nyumba yake. Mama yako atalala wapi kwingine?"

Sasa, kulikuwa na binamu yangu mmoja aliyekuwa amenijaza maneno. Kaburi ni ushahidi, aliniambia. Mruhusu azike hapo, na kesho atasimama mahakamani aseme hapa ni kwake, mifupa ya mkewe iko hapa. Basi nikaingia ndani, nikaitoa hati, nikaikunjua mbele ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia jina lake halimo, kwa hivyo hawezi kuzika.

Odeny hakujua kusoma. Alipitisha kidole juu ya karatasi polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye wayo. Kisha akauliza, "Na aliyetoa mawe, wamemwandika wapi?"

Nikamjibu kwamba sheria haiulizi habari za mawe. Maneno yangu ni hayo hayo, sijayapunguza. Akanirudishia karatasi, akasema asante. Asante, mwanangu! Akaondoka.

Mkewe akapelekwa kuzikwa Rangwe, kwa kaka zake. Wewe ni mtoto wa siku hizi, labda huoni uzito wa jambo hilo. Mwanamke aliyeolewa, akazaa, akazeeka na mumewe, kumrudisha kwao akazikwe ni kama kusema hakuwahi kuolewa. Odeny alimfuata huko huko, akaishi kwa shemeji zake mpaka naye akafa. Hakurudi hata kuchukua mlango wa nyumba yake.

Siku ile ya sururu mama yangu alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe, na alisikia yote. Hakupaza sauti. "Ulipozaliwa nilikuwa naumwa, maziwa sina," alisema. "Yule ndiye aliyekunyonyesha. Leo umemkosesha mahali pa kulala." Tangu hapo hadi kufa kwake hakuonja mahindi ya upande ule. Kila debe lililoingia jikoni aliuliza limetoka wapi.

Unamkumbuka yule mama aliyekuja mwaka jana na bodaboda, nikakwambia ni mtu wa kanisani? Nilikudanganya. Yule ndiye Atieno, binti yao. Alikuja kuomba jiwe la kusagia la mama yake, jiwe hilo tu. Mama yako alilikuta kwenye nyumba yao iliyobomoka, na miaka yote hii tumelisagia wimbi bila kujiuliza ni la nani. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia chukua na shamba.

"Mzee," akasema, "mama alishalala kwa kaka zake. Mimi nimefuata jiwe."

Akalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, akaenda zake. Nililia mbele ya yule kijana wa boda, na sikuona haya.

Usidhani naidharau hati. Bila karatasi utafukuzwa kama kuku, na ukiwa nayo unapanda mti ukijua utauvuna mwenyewe. Nadhani ndiyo maana watu walianza kusema hiki changu, hiki chako, ili anayetoka jasho ale jasho lake. Lakini hati yangu ilinipa jasho la mwingine, na sheria ikanisaidia kulila. Kwa hivyo kabla hujasema "changu", uliza kwanza nani alitoa mawe. Usimnyime mtu kaburi kwa sababu ya jina kwenye karatasi. Na ukikosea, nenda ukaombe msamaha wakati uliyemkosea angali hai, maana mimi nilichelewa na hakuna wa kunisaidia.

Mpimaji anakuja Jumatatu. Upande wa mawe utaandikwa jina la Atieno, atake asitake, hata akiuacha uote magugu. Hati utakayopata wewe itakuwa ndogo kuliko uliyoitarajia. Kasirika, una haki ya kukasirika, ila nikishakufa usiligeuze jambo hili.

Sasa inama nikuwekee mkono. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe watoto watakaokuzika wewe, si wewe uwazike wao. Na siku yako itakapofika, vijana wakija kuazima sururu, asiwepo mtu wa kuwauliza, "Pale wapi?"