Chale za Kifuani mwa Mama

Mama alibatizwa akiwa tayari ana chale. Alichanjwa usichanani kwa wembe, na masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya karanga yakasuguliwa ndani mpaka yakakaa: mistari miwili myeusi ikishuka kutoka mabegani na kukutana katikati ya maziwa. Zamani hayo yalikuwa mapambo, na nasikia zake zilisifiwa. Kanisani kwetu, huku Usoke, wakamwambia ni alama za shetani, na kwa kuwa hazifutiki, azifunike. Akazifunika. Mimi niliyenyonya hapo nimekua bila kuziona. Wenzake wakienda kuoga mtoni walivua, yeye alioga na blauzi iliyofungwa hadi shingoni.

Nilidhani ni heshima. Leo nasema walimnyang'anya kifua chake mwenyewe.

Kwenye mstari mmoja wa chale kikaota kinundu. Hakumwambia mtu. Aliamini ni ile dhambi ya zamani inatoka, na dhambi haipelekwi zahanati. Kilipopasuka na kuanza kutoa maji, akabandika jani la tumbaku na kufunga kitambaa juu yake. Sisi ni wakulima wa tumbaku. Wakati wa kukausha, nguo, magodoro, hata ugali vinanuka tumbaku. Mgeni angeshtuka mlangoni kwamba kuna harufu nyingine chini ya ile. Sisi pua zetu zilishazoea, hata mimi niliyehamia mjini na kuja mara kwa mara, tukala naye, tukalala naye chumba kimoja, tukamwacha aoze.

Niligundua nilipokuja kumsalimia kutoka Tabora mjini, nikamkuta na homa. Nikamvua kwa nguvu. Akanizaba kofi, mimi mtu mzima, wajukuu zake wakitazama.

"Funika," akasema. "Mchungaji akija je?"

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alimkata kipande cha nyama kikapimwe, na majibu yaliporudi ilikuwa kansa ya ngozi. Akatueleza kwamba ngozi iliyochanjwa na kutiwa rangi wakati mwingine huota vinundu, na vingi havina madhara. Hata hiki cha mama, kingeletwa kingali kidogo, wangekikata akarudi zake shamba. Sasa kilishaingia kwapani na kwenye mapafu. Akauliza kwa nini tumechelewa. Mama akageukia ukutani. Nikajibu mimi, tena kwa ukali, kana kwamba yule binti ndiye aliyembatiza.

Jumapili mchungaji akafika wodini. Ni kijana tu, hakuwahi kumkataza mama lolote. Mama akaniashiria nimvutie kanga hadi kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba mchungaji. Uniombee. Nimevuliwa mbele ya watu, wameziona."

Nikamtazama yule kijana. Nilimsubiri aseme hakuna kosa hapo, mama, waliokukosea ni sisi. Maneno machache tu, na ni yeye peke yake ambaye mama angemwamini. Akaweka mkono juu ya kichwa chake, akafumba macho, akamwomba Mungu amsamehe.

Mama akaitikia amina. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu tumlaze pale, akapata usingizi. Nilimchukia yule kijana, na nilimchukia zaidi kwa sababu alimtuliza.