Mzee Aliyesimama Penye Pengo la Duara

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kutaka kila jambo lithibitishwe, na haya nayasema kwa sababu yalinipata mwenyewe, mchana, akili zangu zikiwa timamu. Wallahi siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini, baada ya watu kuhamishiwa vijijini na vilima vya Kibondo kubaki na mahame matupu. Mimi mtu wa Tanga nilipangiwa kufundisha Busunzu. Kule Kasulu nilikuwa na rafiki, padri mzee wa Kizungu, na kilichotukutanisha kilikuwa picha moja tu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa kitabu cha kale sana cha huko kwao, kilichoandikwa kwa mkono karne nyingi zilizopita, kwa herufi ambazo hakuna msomi aliyewahi kuzisoma. Katikati ya ukurasa palikuwa na duara kubwa. Ndani yake mlikuwa na viduara vidogo, ukingo wake ulikuwa na pengo moja, na penye pengo hilo alisimama kijitu ameinua mkono.

Padri alishikilia kwamba ni jua, na kijitu yule ni malaika anayebariki. Mimi nilisema ni kalenda, na yule anawazuia watu wasipite. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na kila nilipokwenda Kasulu tulianza upya.

Basi masika moja binti yangu Zaituni akashikwa na homa kali. Zahanati yetu dawa zilikuwa zimekwisha. Nilimwacha kwa mama yake, hajiwezi, nikaenda mpaka Kasulu, nikapata chupa ya dawa, nikaifunga kwenye leso na kudandia lori la kurudi. Lori likakwama kwenye tope kabla hatujafika. Mtoto anaungua nyumbani, ningekaa kusubiri? Nikashika njia ya mkato vilimani.

Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulishuka mzito hata miguu yangu sikuiona vizuri. Nikaona ua wa minyaa umezunguka mji wa kizamani, na ndani nyumba za msonge za nyasi. Nikaingia kuulizia njia.

"Mwidiwe, mwalimu," akaniamkia mzee mmoja. Alijuaje kwamba mimi ni mwalimu? Alikuwa amevaa nguo ya magome ya mti, na pembeni yake palikuwa na chungu cha pombe chenye mrija.

Nikapiga makofi taratibu, nikaitikia kama Waha, wenyeji wa kule, wanavyosalimiana. Nilikuwa nimejifunza adabu zao na nilijivunia sana.

"Mzee, wewe hukuhamishwa?"

"Mimi sihamishiki, mwana wanje," akajibu, yaani mwanangu.

"Na Busunzu ni upande gani?"

"Ego, ndiyo, ni karibu," akasema, wala hakuonyesha kidole.

Nikashukuru, nikageuka. Mlango wa ua haukuwapo. Niamini, palikuwa na minyaa mitupu! Nikaufuata ua kwa mkono, utomvu ukininata vidoleni, mpaka nikarudi kwenye chungu kilekile. Nikazunguka tena, safari hii nikikimbia. Chungu kilekile. Nikapiga kelele, sauti yangu ikafia kwenye ukungu. Nikajaribu kupenya katikati ya minyaa, nikajikuta natokea ndani ya ua uleule. Mwanga haukuongezeka wala haukupungua. Nikaikamata ile chupa kifuani, nikalia. Sikufichi, nililia kwa sauti, maana nilimwona Zaituni anakufa nami nazunguka ua wa watu.

Ndipo lile duara likanijia. Viduara ndani: nyumba. Ukingo: ua. Pengo moja, na mtu amesimama hapo. Je, kama pengo linamfuata mtu huyo? Nikaacha kutafuta mlango, nikamwendea mzee.

"Mzee, nisindikize."

Akainuka haraka kama kijana. Tulipoufikia ua, minyaa ikawa imeachana mbele yake. Nikatoka nje. Yeye akasimama penye pengo, uso umemchangamka.

"Nikusindikize mpaka wapi, mwana wanje?"

Sasa kule Uha mwenyeji humsindikiza mgeni njiani, na mgeni mwenye adabu ndiye humwambia arudi, asimchoshe. Nami nilikuwa na adabu, si nimekwambia?

"Asante sana, mzee. Hapa panatosha. Rudi."

Uso ukamshuka. "Wote husema hivyo," akasema, akainua mkono. Nilipopiga hatua chache na kutazama nyuma, palikuwa na vichaka tu. Mabati ya shule yetu yalikuwa bondeni mbele yangu.

Zaituni alikunywa dawa, akapona. Leo ana wajukuu.

Nilimsimulia padri, naye hakucheka. Alitoa picha, akaweka kidole juu ya kijitu.

"Kwa hiyo mkono ule ni wa kuaga," akasema.

"Anamuaga mgeni aliyeko nje ya ukurasa," nikasema.

"Na aliyemchora ni nani?"

"Ni yule mgeni," nikamjibu. "Alitoka, akamwambia rudi."

Padri aligeuza ile picha kifudifudi, na tangu siku hiyo hatukubishana tena.

Nimerudi vilimani kule mara nyingi, hame baada ya hame, nikiwa na jibu mdomoni. Sijamwona. Mpaka leo mtu akinisindikiza, siwezi kumwambia arudi. Ulimi unakataa, na majirani wananicheka kwa jinsi ninavyofika nao mpaka mlangoni kwangu.

Wewe ukikamatwa na ukungu kule na ukaona ua wa minyaa, usiingie. Ukishaingia, usitafute mlango, mtafute mzee. Na akikuuliza akusindikize mpaka wapi, tafadhali, achana na adabu zangu. Mwambie mpaka nyumbani kwako, na umwandalie pa kulala.