Ahadi Ambayo Hakimu Hakuiandika

Wiki iliyopita tulimzika mjini Kibaha hakimu mstaafu niliyefahamiana naye tangu nilipokuwa mwandishi wa habari za mahakamani. Kanisani alisifiwa kwa uadilifu, na kweli alikuwa mwadilifu, ingawa pia alikuwa mbishi kupindukia. Hilo msibani halisemwi. Halikusemwa pia jambo lililomnyima raha hadi anaingia kaburini, nami naona, msomaji wangu, tusimzike nalo.

Alipokuwa Kisarawe alisikiliza kesi ya mtu mzima aliyeshtakiwa kumbaka mtoto wa darasa la tano kutoka kijiji cha Chole. Kwa sheria zetu, mtoto wa umri ule anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli, na ahadi hiyo lazima iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Mtoto alikuwa akitetemeka. Hakimu akaweka kalamu chini asimtishe, akamuuliza habari za shule, kisha akamuuliza kama atasema ukweli. "Nitasema kweli, sitadanganya," mtoto akajibu. Alipoona ametulia, hakimu akashika tena kalamu na kuanza kuandika ushahidi. Ile ahadi hakuiandika. Mshtakiwa alifungwa miaka thelathini.

Akakata rufaa. Mahakama ya juu ilisoma mwenendo, haikuona ahadi, ikaufuta ushahidi wote wa mtoto, na bila huo hapakubaki cha kumfunga mtu. Akarudi kijijini. Mama wa mtoto akafunga safari hadi mahakamani.

"Mheshimiwa, ati mwanangu hakuahidi?"

"Aliahidi, mama. Mimi ndiye sikuandika."

"Sasa nikamwambie nini? Yeye anajua hamkumwamini."

Nilipopata habari hizo niliwaka. Nilimfuata huyo hakimu rafiki yangu nikamwambia rufaa zimekuwa kichaka cha wahalifu. Akanikata kauli. "Usiniletee hasira zako za gazetini. Rufaa haina kosa. Ukisingiziwa wewe kesho, utataka jaji asome kilichoandikwa, au anitafute mimi aniulize ninakumbuka nini?"

Alipostaafu alikwenda Chole. Yule mtoto alikuwa sasa mwanamke, fundi cherehani. Akamwamkia shikamoo bila kumtambua.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule hakimu. Nilikusikia, na nilikuamini. Kosa lilikuwa langu."

Binti alimaliza kwanza mshono uliokuwa mbele yake. "Mimi, baba, tangu siku ile sikumwambia tena mtu jambo langu lolote. Niliona maneno yangu hayana kazi." Rafiki yangu alinisimulia hayo kibarazani kwake Kibaha, karibu na Tumbi, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Kila mwaka tunawahimiza watoto wavunje ukimya. Tunabandika mabango shuleni, tunafanya semina na kupiga picha. Hatujiulizi kama polisi, mganga wa hospitali, mwendesha mashtaka na hakimu wako tayari kuyapokea maneno yao yasipotee. Nimemzika mtu mwema, tena mwenye huruma, lakini huruma haimalizi kazi ya ofisi. Inauma kuliandika hili juu ya rafiki, ila yeye mwenyewe asingenisamehe ningelipamba. Mtoto yule alisimama mbele ya watu wazima akafanya yote aliyotakiwa kufanya. Aliyebakiza kazi ni mkubwa.