Mteja wa Pili wa Pikapu

Jamani, bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa. Juzi, hapa kwenye yadi ya magari Kilosa, nilikuwa nakaribia kuuza gari kwa mara ya kwanza, pikapu nyeupe. Mteja, dada mmoja mkulima wa Rudewa, akaanza kusitasita. Nikakumbuka ujanja niliofundishwa: mtie hofu ya kuikosa. Nikamwonyesha mzee aliyekaa kwenye benchi la getini.

"Dada, yule mzee anaililia hiihii. Bei ameshanipa, amebaki kuleta hela tu."

Dada akamtazama, kisha akaita, "Baba, kumbe na wewe unaitaka?"

Mzee akaja taratibu. Nikainama. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nimemsindikiza binti yangu tu. Hebu nikumbushe, nilikupa bei gani?"