Dakika Ishirini Hadi Meru

Nilimkata mdogo wangu kwa panga, na sababu ilikuwa beberu. Nasema mapema kwa sababu watu wa kwetu hupenda kuzungukazunguka, eti ulikuwa mkosi. Mkosi gani? Ilikuwa hasira yangu, na nilijua ninachofanya.

Mdogo wangu ndiye mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege nje ya Ishiara: njia moja ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, na uzio uliolala chini. Kazi yake ni kufukuza mifugo kabla ndege haijatua. Mimi nafuga mbuzi, na ukame wa mwaka ule ulikuwa umeacha nyasi pale tu.

Siku hiyo ndege ndogo ilikuwa inaleta wageni wa kanisa.

"Toa hizo mbuzi zako!" alinipigia kelele. "Ndege imeshatoka Meru! Ni dakika ishirini tu!"

Nikamwambia asinifundishe kuchunga. Akaokota jiwe, akarusha. Likampata beberu wangu mwenye kengele, yule anayeongoza kundi, na mguu ukavunjika nikisikia. Nilikuwa na panga la kukatia matawi ya migunga. Aliinua mkono kujikinga, panga likaingia juu ya kiwiko. Nikalichomoa, nikaliinua tena. Mungu anisamehe, niliinua tena.

Dereva aliyekuja kupokea wageni alinipiga rungu la mgongo nikaanguka. Akaninyang'anya panga, akavua shati na kulifunga lile jeraha.

"Kwa gari mpaka kwa daktari wa upasuaji ni zaidi ya saa moja," alisema. "Huyu hafiki. Ni hiyo ndege tu."

Ndege ilikuwa tayari juu yetu, inazunguka. Haikuweza kutua. Beberu alikuwa amelala katikati ya njia na mbuzi wote wamemzunguka. Dereva aliwacharaza kwa rungu, wakatawanyika, wakarudi. Basi nilimshika beberu pembe nikamburuta, mguu wake ukikwaruza murram, akilia, kengele ikigonga, na kundi lote likatufuata hadi vichakani. Mnyama ambaye nilimwaga damu ya ndugu yangu kwa ajili yake, nilimtupa huko kama gunia la makaa.

Ndege ilipotua na wageni kushuka, tulimpakia mdogo wangu. Rubani alitutazama.

"Nani atashika hapa? Mpaka Meru ni dakika ishirini. Mkono ukiachilia, huyu ameenda."

Dereva alininyooshea kidole. "Huyu ndio amemkata. Ashike yeye."

Nikashika. Shati lilikuwa limelowa, na vidole vyangu vilikuwa ndani ya nyama niliyoifungua mwenyewe. Niliogopa hata kupumua. Tulipokuwa juu ya Tharaka alifumbua macho, nikajua sasa atanilaani, na nikataka anilaani.

"Brathe," alisema, "hizo mbuzi zilitoka zote?"

"Zote," nikamwambia.

Akafumba macho tena.

Uhai walimwokolea Meru, mkono waliukata. Polisi walipomuuliza, alisema aliangukia panga, na hakubadilisha neno hata walipomwonyesha mimi na shati langu lililojaa damu.

Bado ni mlinzi wa kiwanja. Anarusha mawe kwa mkono wa kushoto, na mengi hayafiki. Nikisikia mlio wa ndege kutoka upande wa Meru, nawaondoa mbuzi wangu mbio, kabla hajainama kuokota jiwe.