Bi Kamba Asimamisha Boti ya Mdogo Wake

Watu wa ufukweni walimwita shangazi yangu Bi Kamba, naye hakukataa. Kazi yake ilikuwa kukagua boti zinazovuta watu angani kwa parashuti, na kamba ya kuvutia hakuikagua kwa macho tu. Aliipitisha yote mikononi, taratibu, kavua viatu, huku akimuuliza nahodha habari za watoto. Ungedhani anachambua mchele. Mpaka mkono usimame.

Siku moja ulisimama kwenye boti ya baba, mdogo wake.

"Hapa imelika," alisema. "Leo huvuti mtu."

"Dada, huo ni uzi mmoja tu umechomoza."

"Nahodha, kanuni inasema kamba iliyolika inatolewa."

Kuzuiwa baba angevumilia. Kuitwa nahodha na dada aliyembeba mgongoni ndiko kulikomkata maini. Wageni walikuwa wameshavaa mikanda na majaketi. Akawavua mmoja mmoja, mdomo umemvimba, akiwaambia mkaguzi ameamka vibaya.

Shangazi alipopiga simu nyumbani, baba alinisukumia mimi simu.

"Baba anasema amelala," nikasema.

"Mwambie alale unono," akajibu. Alicheka, ila kicheko kilikuwa kidogo.

Baada ya siku chache alikuja mwenyewe, bila sare, akapitiliza jikoni na kuanza kuzisema sufuria zetu kwamba hazing'ai. Baba akajifanya anatengeneza redio. Shangazi akavuta kigoda akakaa mbele yake.

"Nuna tu. Nimekuzoea ukinuna tangu hujaota meno. Ninachoogopa ni kukuachia kwa kuwa ni wewe, halafu mtoto wa watu aanguke."

Baba aliigeuzageuza redio.

"Nimeikata ile kamba," akasema. "Pale pale uliposhika. Ndani imeoza kwa chumvi."

"Na hukunipigia?"

"Nikupigie nikwambie nini?"

"Hayo hayo."

Baba akacheka bila kutaka, na chai ikawekwa jikoni.

Kamba mpya ilipofungwa, shangazi aliipitisha mikononi akairidhia. Ndipo baba akamwambia abiria wa kwanza ni yeye. Miaka yote hiyo alikuwa akikagua, hajawahi kupaa. Hata taa ikiungua kwake, aliita jirani apande kwenye kiti. Siku hiyo sijui kilimwingia nini. Alikagua mikanda yake mwenyewe, akaifungua, akaifunga tena, akasema haya.

Baba aliendesha kama aliyebeba mayai. Tulitazama juu tukisubiri kumsikia akifoka, lakini alikuwa kimya, miguu imenyooka. Baba akapata wasiwasi, akamshusha polepole hadi akatua nyuma ya boti.

"Umeona nini huko, dada?"

"Sijaona kitu. Nilifumba macho." Akaiweka sawa mikanda yake. "Nirudishe. Safari hii nitayafumbua."

Baba akatazama kwanza kipimo cha upepo, kisha akaiachia kamba taratibu, shangazi akapanda tena.