Holo na Taya la Ng'ombe

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Dutwa, mwanangu Maduhu, na usidhani mama yako nakusimulia kwa kukosa kazi. Nina hasira, na aliyeniletea ni wewe.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana kama wewe, alikuwa na taya la ng'ombe alilolifunga kamba ya katani. Aliyekosea alivikwa shingoni. Siku hiyo tulifundishwa borrow na lend. Sisi tunasema niazime, nimeazima, na tunaelewana. Wenzetu Waingereza wana neno la anayetoa na la anayepokea. Holo, niliyekaa naye dawati moja, aliomba rula akayachanganya. Akavikwa, akaamriwa aende nalo mpaka nyumbani, tena kwa kupita gulioni. Watu walicheka, hata wauza dagaa wakaacha wateja wao.

Baba yake, mfugaji, alimkuta mlangoni. "Ng'wanone, mwanangu, vua hilo. Sikukupeleka shule ukavikwe mfupa kama mbwa." Kesho yake alilirudisha taya shuleni kwa mkono wake. Holo hakurudi. Na hesabu alikuwa akitushinda sote!

Mkuu wa shule, mama asiye na maneno mengi, aliingia darasani akalitupa taya mezani kwa yule kijana. "Watoto hawa wana Kisukuma, wana Kiswahili, hiki ni cha tatu. Wewe ulipojifunza cha tatu ulivikwa nini?" Mkuki kwa nguruwe, mwanangu! Kisha mkuu akachukua jembe, akatuita wawili wawili, huyu anatoa, huyu anapokea, kila mmoja akitaja tendo lake, mpaka yakatuingia. Lakini kwa Holo maji yalishamwagika.

Sasa jana mdogo wako ananionyesha video kwenye simu. Namwona Milembe, mwanafunzi wako hapo Migato, amesimama ubaoni, bring na take zimemchanganya, machozi yanamlengalenga, na sauti inayocheka ni yako! Umeirusha kwenye magrupu, mpaka Bariadi mjini wanaiangalia. Na mtoto hajakanyaga shule tangu Jumatatu. Huna haya? Pamba niliyolima kukusomesha sikuilima kwa ajili ya hilo.

Anayekosea mbele yako amekuamini, Maduhu. Mtoto mwenye hofu hashiki kitu. Mpe chaki, mwambie aipeleke dirishani, mwambie ailete kwako, na umtajie neno kila anapokwenda na anaporudi. Akikosea, rudia. Ukichoka, rudia. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Leo hii futa hiyo video, waombe walioipokea waifute. Kisha nenda kwao Milembe, uombe radhi mbele ya wazazi wake, usitume mtu.

Najua unangoja nikubariki, maana wazee humaliza hivyo. Baraka ninayo: Mungu akupe subira, na wanafunzi wako wakutaje kwa wema hata ukizeeka. Ila sikupi leo. Njoo uichukue siku Milembe atakaporudi kwenye dawati lake.